Kutu ya kijani kwenye nyaya za boti: kata, usisugue

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya faiba ya futi 22 iliyokwisha tumika baharini miaka mingi. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, inazunguka kivivu, na taa ya nyuma huwaka na kuzimika yenyewe. Kila nikifungua tepu nakuta unga wa kijani kwenye maungio ya nyaya. Nasugua kwa msasa, nafunga tepu mpya, lakini baada ya miezi michache hali ni ileile. Betri ni mpya. Kuna dawa ya kupaka? Je, nikiyafunika maungio yote kwa silikoni nitapona?

JIBU: Marahaba. Ya kupaka ipo na nitaitaja, ila hiyo huja mwisho. Kwanza shika koleo la kukatia.

Unga huo ni shaba iliyoliwa na chumvi na unyevu. Chumvi ikikauka haijaisha kazi, maana huvuta unyevu kutoka hewani na kuendelea kula hata boti ikiwa imepandishwa nchi kavu. Tena unachokiona ni kidogo tu. Waya wa boti ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa, na maji hupanda kati ya nyuzi hizo, chini ya plastiki, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Msasa wako unafika kwenye nyuzi za juu. Za ndani zinabaki zinaoza, na tepu uliyoifunga inayazuia maji yasitoke.

Kabla ya kukata, pima. Fungua vifuniko hewa ipite, hasa kama mnatumia petroli. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, washa pampu, kisha gusa upande huu wa ungio kwa ncha moja ya mita na upande wa pili kwa ncha nyingine. Ungio zima litasoma karibu na sifuri. Likisoma volti 0.3 au 0.5, limekufa, hata kama kwa nje linapendeza. Usilipime kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, pampu ikiwa imezimwa: uzi mmoja uliosalia unatosha kuidanganya mita, lakini hauwezi kubeba mzigo wa pampu. Pima na upande wa hasi pia. Watu huufuata waya mwekundu hadi mwisho na kuusahau mweusi, nami mara nyingi nimekuta hasi ndiyo iliyooza zaidi.

Piga hesabu uone kwa nini pampu imechoka. Tuseme inavuta ampea 5 na ungio lina ukinzani wa omu 0.2. Hapo umepoteza volti 1, na wati 5 zinageuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko ncha ya kidole. Ukiwa na maungio mawili ya namna hiyo, pampu ya volti 12 inabaki na 10. Kwa pampu ya ngama, taa za kuongozea na redio, upotevu wa njia nzima, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 3, yaani volti 0.36.

Sasa ondoa waya wa betri, hasi kwanza, kisha ulikate ungio bovu. Menya plastiki sentimita mbili na utazame rangi. Shaba nzima ni nyekundu inayong'aa. Ikiwa nyeusi, kata tena, menya tena, rudi nyuma hadi uikute inayong'aa. Ukirudi zaidi ya shibiri na bado ni nyeusi, acha kuhangaika, vuta waya mpya, na uwe wa shaba iliyopakwa bati kila uzi. Waya wa nyumbani usiulete baharini.

Terminali, yaani kichwa cha chuma cha kufungia waya, iwe ya pete, kwa sababu hata skrubu ikilegea haichomoki. Ibane kwa koleo la kubania lililotengenezwa kwa kazi hiyo, si plaisi, kisha uvute kwa nguvu. Ikichomoka mkononi mwako, ni heri kuliko kuchomoka usiku majini. Lehemu peke yake siitaki kwenye boti: hupanda ndani ya waya na kuukakamaza, na mtikisiko wa injini huukata pale pale lehemu inapoishia. Funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Upashe polepole hadi uone duara jembamba la gundi limechomoza pande zote mbili. Bila duara hilo maji yataingia tu.

Pete ikae moja kwa moja juu ya shaba ya bolti, washa ya chuma cha pua iwe juu yake, kamwe isiwe katikati. Kaza. Hapo ndipo upake ile dawa uliyoiulizia, grisi ya maungio ya umeme, au vaselini kama hiyo haipatikani. Haipitishi umeme, kazi yake ni kuzuia hewa na maji.

Silikoni hapana. Ile ya kawaida inayonuka siki hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na asidi hiyo huila shaba huku wewe unadhani umeikinga.

Ungio la pampu lipandishe juu, mbali na maji ya ngama, na waya uache kitanzi cha kushuka kabla ya kuingia ndani ili matone yadondoke. Hili naomba ulifanye wiki hii. Waya wa swichi ya kuelea, ile inayowasha pampu yenyewe maji yakipanda, huwa na umeme saa zote. Ungio lake likilala majini, umeme unavuja na kula vyuma vinavyopitisha maji kwenye ubavu wa boti. Vyuma hivyo vikitoboka, boti inazama ikiwa imefungwa gatini.

Taa ya nyuma huenda soketi yake imeliwa. Ibadilishe nzima, chukua iliyozibwa kiwandani.

SWALI: Fundi, vichwa vya betri yangu ya maji vinaota unga mweupe na wa buluu. Nivioshe na nini?

JIBU: Ondoa hasi kwanza, kisha chanya. Yeyusha soda ya kuokea kwenye maji ya uvuguvugu, pakaza kwa brashi hadi povu litulie, na vifuniko vya betri viwe vimefungwa kabisa, kwani soda ikiingia ndani inaua asidi. Suuza kwa maji baridi, kausha, rudisha chanya kwanza, kaza, paka vaselini. Unga ukirudi haraka, pima chaja. Ikishinda juu ya volti 15, inaichemsha betri, na mvuke wa asidi ndio unaokula vichwa hivyo.