Kuhusu kuanza na Python au R katika kazi za ramani

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: umezoea kuitumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kwa kubofya vitufe, sasa unataka kuandika msimbo ili usirudie kazi ileile kwa mafaili mia moja, na hujui uanze na lugha ipi ya programu, Python au R. Ikiwa kazi yako ni ya takwimu zaidi, R inatosha. Vinginevyo ningechagua Python, kwa kuwa inatumika ndani ya QGIS yenyewe, na maktaba yake ya GeoPandas (mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari) husoma tabaka la ramani kama jedwali la kawaida lenye safuwima moja ya ziada inayobeba maumbo.

Chukua kazi moja uliyokwisha kuifanya kwa mkono, uiandike upya kwa msimbo, kisha ulinganishe majibu.

Linalotuangusha wengi si lugha, bali mfumo wa koordinati, yaani namna namba zinavyoonyesha mahali. Data ya EPSG:4326 (mfumo wa kawaida wa latitudo na longitudo) hupimwa kwa nyuzi, si kwa mita, hivyo ukikokotoa moja kwa moja eneo la shamba utapata desimali isiyo na maana. Ibadilishe kwanza iwe katika kanda ya UTM (mfumo unaopima kwa mita) inayohusika, ndipo upime. Angalia pia mpangilio, kwani GeoPandas hutaka longitudo itangulie latitudo; niliwahi kuzigeuza, na visima vyangu vyote vikaangukia baharini.

Iwapo matokeo yatatumika kuamua mipaka ya ardhi, mkabidhi mpima ardhi aliyesajiliwa, hata kama msimbo wako hauna kosa.