Kona aliyopewa mpinzani baada ya kipa wetu kukaa na mpira

Kona halali kabisa, tusimlaumu mwamuzi. Tangu msimu wa 2025/26 sheria namba 12 inampa kipa sekunde 8 za kushika mpira, akizidisha mpinzani anapewa kona. Zamani zilikuwa 6 na adhabu ilikuwa faulo isiyopigwa moja kwa moja. Hesabu inaanza akishautuliza mikononi na hakuna anayembughudhi. Mnaokaa jukwaani Lake Tanganyika hapa Kigoma, mtazameni mwamuzi: sekunde 5 za mwisho anainua mkono na kukunja kidole kimoja kimoja. Kipa kacheza vizuri sana jamani, krosi zote kadaka! Tatizo anasubiri mabeki wote wapande. Akidaka amrushie beki wa pembeni mapema. Kadi haipo, mpaka arudierudie.