Jibu: Ndege kwenye mto wa kulalia wa Kikorea, ni kuku au nini?

Habari mkuu. Umeuliza kama ndege waliodariziwa kwenye kile kipande cha ubavuni mwa mto wa kulalia wa Kikorea ni kuku, na kama kinafaa kwa zawadi ya harusi.

Anza kwa kuwahesabu. Wakiwa wakubwa wawili na vifaranga saba, hao ni feniksi, ndege wa hadithi za kale. Mto wa namna hiyo huitwa gubongchim, ni wa maharusi, kuwaombea mapatano na watoto wengi. Kwa hiyo kinafaa, tena sana. Ukikuta bata dume na jike tu, hiyo ni alama ya mke na mume wasioachana.

Mimi huwa natazama pia vya pembeni, maana dua nyingine zimejificha huko. Ua la peoni ni utajiri na heshima, komamanga lililopasuka mbegu zikaonekana ni uzazi, popo (ndiyo, popo!) ni baraka. Korongo, kobe, kulungu na msonobari wamo kwenye alama kumi za maisha marefu, sipjangsaeng.

Umri wake usiukadirie kwa michoro. Hiyo ya enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, inadariziwa hadi leo. Geuza kitambaa, piga picha ya nyuzi za nyuma, uiweke hapa.