Kabla hujachomelea rejeta ya transfoma, ujue inakokwenda kukaa

Rejeta ya transfoma, yale mapezi ya shiti yanayopoza mafuta yake, ikishaoza kwa kutu, mafundi wengi hapa Uganda kuanzia Kampala mpaka Mbale huipima kwa futi, hukata shiti za kipimo kilekile, huchomelea, hupiga rangi na kumwita mwenye mali aje achukue. Mara nyingine inafaa. Mara nyingi haifai, kwa sababu transfoma hiyo ilitengenezwa kwa hali ya hewa ya nchi nyingine, imeshasukwa upya kwa waya usio wa mwanzo, na mzigo inaobeba leo umeshapita ule wa siku iliponunuliwa. Mimi nina karakana Jinja na kazi hii nimeifanya miaka mingi. Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia waanze na mahali transfoma itakapokaa na kazi itakayofanya, shiti ije mwisho.

Joto la transfoma lina vyanzo viwili. Kuna hasara ya chuma, ile ya kiini, ambayo iko usiku na mchana maadamu umeme umefika, hata kama hakuna mashine inayozunguka. Na kuna hasara ya shaba, inayotokana na mkondo unaopita kwenye koili, nayo hukua kwa mraba wa mkondo huo. Hii ya pili ndiyo inayowaponza wenye viwanda. Chukua transfoma ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) yenye hasara ya chuma ya wati 500, na hasara ya shaba ya wati 2,800 ikibeba mzigo wake kamili. Jumla ni wati 3,300. Mwenye kiwanda akiongeza mashine moja ya kukoboa, mzigo ukapanda asilimia 20 tu, hasara ya shaba inafika wati 4,032 na jumla inapita wati 4,500. Mzigo umepanda kwa moja ya tano, joto limepanda kwa zaidi ya theluthi.

Ndiyo maana mteja akifika namwuliza anaendesha mashine gani, kwa saa ngapi, na kama ana mpango wa kuongeza nyingine. Kama transfoma imesukwa upya, nataka kujua waya uliotumika ni wa unene gani. Asipojua, tunapima hasara zote mbili upya kabla ya kugusa shiti.

Sasa njoo kwenye mahali. Kanuni za kimataifa za IEC 60076-2, ambazo transfoma nyingi tunazoziona hutengenezwa kwa kuzifuata, huruhusu mafuta ya juu, yale yaliyo karibu na kifuniko cha tangi, kuzidi joto la hewa kwa nyuzi 60. Lakini soma masharti yake: hewa isipite nyuzi 40, wastani wa mwaka usizidi nyuzi 20, na mahali pasipite mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hayo masharti mawili ya mwisho yanatugusa sisi moja kwa moja. Kampala na Jinja ziko karibu mita 1,200, Mbarara imepita 1,400, Kabale inakaribia 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi hubeba joto dogo.

Hata hivyo usiogope mwinuko kuliko unavyostahili. Kwa transfoma isiyo na feni, kanuni inapunguza zile nyuzi 60 kwa nyuzi 1 kwa kila mita 400 zinazozidi 1,000. Kwa Jinja hiyo ni nusu nyuzi, kwa Kabale ni kama nyuzi 2, na baridi ya Kabale inazirudisha. Penye feni ndipo uangalie zaidi, maana hapo ni nyuzi 1 kwa kila mita 250.

Kinachotuumiza hasa ni ule wastani wa mwaka. Transfoma ya Ulaya hupata miezi ya baridi ya kupumzika, karatasi inayozungushiwa koili ikazeeka polepole. Yetu haina msimu wa kupumzika. Kampala wastani uko nyuzi 21 au 22, na ukishuka bonde la Nile kuelekea Pakwach unapanda zaidi. Kanuni yenyewe inasema joto la mahali likizidi, kiwango kinachoruhusiwa kipunguzwe kwa nyuzi hizohizo. Hili wengi wanalipita. Karatasi ya kawaida inahesabiwa kuzeeka kwa mwendo wake wa kawaida pale sehemu yenye joto kali zaidi kwenye koili ikiwa nyuzi 98, na kila nyuzi 6 juu ya hapo umri wake unakatika nusu. Nyuzi chache zinazoonekana ndogo kwenye kipimajoto ni miaka kwenye karatasi.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu haya yote ni maneno. Ile transfoma yetu ya wati 3,300 ina tangi la urefu wa mita 1.1, upana mita 0.45 na kimo mita 1.1. Kuta zake nne zina mita za mraba 3.41. Hesabu ya vitabuni, ambayo mimi naiamini kwa tangi la aina hii, husema ukuta mtupu hutoa wati 12.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ambayo ukuta umezidi hewa: karibu 6 kwa mnururisho, yaani joto linaloruka kutoka usoni bila kubebwa na hewa, na 6.5 kwa hewa inayopanda. Mapezi ya rejeta yanatazamana, kila moja linamrudishia mwenzake mnururisho wake, kwa hiyo hesabu hewa tu. Hewa yenyewe hupita vizuri zaidi katikati yake, unapata kama wati 8.8.

Ukikubali ukuta uzidi hewa kwa nyuzi 35 kwa wastani, tangi peke yake linatoa wati 1,492. Zimebaki 1,808. Gawa kwa 8.8 mara 35, yaani 308, unapata mita za mraba 5.9 za rejeta. Paneli moja, yaani pezi moja, ya upana wa milimita 300 na kimo cha milimita 800 ina nyuso mbili zenye jumla ya mita za mraba 0.48. Unahitaji paneli 13.

Sasa transfoma hiyohiyo ipeleke mahali ambapo inakubidi upunguze nyuzi 4. Ukuta uzidi kwa 31 badala ya 35. Tangi linatoa wati 1,321, zinabaki 1,979, na rejeta inayotakiwa ni mita za mraba 7.3. Paneli 13 zimekuwa 16. Nyuzi 4 zimekudai karibu robo ya rejeta nzima. Fundi aliyenakili kipimo cha zamani hawezi kuliona hili mpaka transfoma irudi karakanani ikinuka mafuta yaliyoungua.

Lakini ukubwa wa rejeta ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni mafuta yenyewe yatembee. Hakuna pampu mle ndani: mafuta yakipashwa moto na koili huwa mepesi na kupanda, huingia rejeta kwa bomba la juu, hupoa, huwa mazito, hushuka na kurudi tangini kwa bomba la chini. Kinachoyasukuma ni tofauti ya kimo kati ya katikati ya koili na katikati ya rejeta. Rejeta ikikaa juu kidogo kuliko koili, mzunguko unapata nguvu. Ukiishusha kwa sababu ya kutafuta nafasi, unaua mzunguko hata kama paneli ni nyingi. Na bomba la juu lazima liwe ndani ya mafuta wakati wote, hata asubuhi ya baridi mafuta yakiwa yamesinyaa.

Hajji mmoja mwenye kinu cha mpunga upande wa Bugiri alinipigia simu akitaka nimwongezee mapezi. Transfoma yake ilikuwa inachemka kila alasiri. Nilipofika, umeme ulipozimwa, fyuzi za nguzoni zikafunguliwa na waya zikaunganishwa na ardhi, nikaweka kiganja kwenye rejeta. Baridi, kuanzia juu mpaka chini. Nikagusa tangi karibu na kifuniko, nikautoa mkono haraka.

"Hajji, mapezi unayo ya kutosha. Mafuta hayafiki humu."

"Yaende wapi, fundi? Mwaka jana tulijaza."

Kioo cha kuonyesha mafuta kilikuwa kimefunikwa na vumbi la pumba, hakuna aliyekifuta kwa muda mrefu. Nikakifuta kwa kitambaa: mafuta yalikuwa chini ya bomba la juu kwa upana wa vidole vinne. Chini kwenye vali ya kutolea mafuta udongo ulikuwa mweusi na nati ilikuwa na alama mpya za spana. Mlinzi aliinamisha kichwa bila kusema neno. Mafuta ya transfoma yana soko lake la wizi, sote tunajua. Wezi walichukua kiasi ambacho transfoma iliendelea kufanya kazi, ila rejeta yote ikawa pambo. Tulipima mafuta yaliyobaki, tukajaza mapya yaliyokaushwa, tukaweka kufuli kwenye vali, tukasafisha pumba zilizojaa kati ya paneli. Hakuna hata pezi moja lililoongezwa, na joto likashuka.

Kwa hiyo kabla ya kuuza rejeta mpya, gusa ile iliyopo, umeme ukiwa umezimwa na kuhakikishwa. Juu moto na chini vuguvugu, inafanya kazi. Baridi kote wakati tangi linachoma: mafuta yako chini, au vali ya rejeta ilifungwa wakati wa kusafirisha na hakuna aliyekumbuka kuifungua, au kuna hewa imenaswa juu kwa sababu kizibo cha kutolea hewa hakikufunguliwa wakati wa kujaza. Paneli moja baridi katikati ya wenzake moto, humo mna takataka.

Nafasi kati ya paneli nayo ni jambo la kushikilia. Milimita 45 hadi 50 kati ya paneli na paneli ndiyo desturi ya viwandani, na ina sababu. Hewa iliyoshikana na uso wa moto ina unene wake; ukibana paneli, tabaka za pande mbili zinakutana na hewa haipandi tena. Kwa vinu vya nafaka mimi naongeza nafasi kidogo na kukubali rejeta iwe pana zaidi. Pumba, vumbi jekundu la barabara ya murramu, na huku ziwani wale wadudu wanaokuja kama moshi, vyote hukwama humo. Acha nafasi brashi ipite.

Rangi. Tafadhali acheni rangi ya fedha. Inang'aa na wateja wanaipenda, lakini rangi yenye unga wa alumini hutoa mnururisho mdogo sana ukilinganisha na rangi ya kawaida ya mafuta, iwe ya kijivu, kijani au nyeupe. Zile wati 6 za mnururisho wa kuta za tangi zinapungua bila sababu. Tena ukipima kwa bunduki ya kupima joto, uso wa fedha unakudanganya, unasoma chini ya ukweli. Transfoma ikikaa juani siku nzima, nyeupe au kijivu hafifu ndiyo bora: inarudisha jua na bado inatoa joto lake.

Kwa wanaoiweka chumbani, rejeta nzuri ndani ya chumba kilichofungwa haina msaada. Wati 3,300 zinahitaji kama theluthi moja ya mita ya ujazo ya hewa kila sekunde, kwa mwinuko wetu huu, ili hewa inayotoka isizidi inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10. Weka matundu ya kuingizia karibu na sakafu upande wa rejeta, na ya kutolea juu kabisa upande wa pili. Dirisha moja dogo lenye wavu halitoshi.

Wakati wa kuchomelea, kata mabaki yote ya slagi, yale magamba ya kuchomelea, ndani ya bomba kabla ya kufunga paneli, kwa sababu ukishafunga hutayafikia, na yatazunguka na mafuta mpaka kwenye koili. Jaribu kuvuja kwa hewa na povu la sabuni. Mimi sipiti kilopaskali 35, shiti ya milimita 1.2 hutuna haraka. Suuza ndani kwa mafuta ya moto, kamwe usitumie maji. Na ukiongeza rejeta umeongeza mafuta, basi angalia tangi dogo la juu, linalopokea mafuta yanayotanuka, kama linatosha. Lita 300 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 80 hutanuka kwa zaidi ya lita 13, na lazima zipate pa kwenda.

Siku ya kukabidhi usiondoke baada ya kuona taa zimewaka. Kaa mpaka joto liache kupanda, inachukua saa kadhaa, kisha andika amperi za kila fezi, joto la hewa kivulini, la mafuta ya juu, na la bomba la chini la rejeta, ulilosoma ukiwa mbali kwa bunduki. Bomba la juu na la chini zikikaribiana sana huku zote mbili ni moto kupita kiasi, mafuta yanazunguka lakini hewa haichukui joto: tafuta uchafu, nafasi finyu au chumba kibovu. Tofauti ikiwa kubwa mno, mafuta yanapita polepole: tafuta vali, takataka au kimo cha rejeta. Nakala moja mwachie mwenye kiwanda, ya pili ibaki karakanani, na mwambie apime tena mzigo ukiwa uleule baada ya mavuno.