Miche ya Bromelia: Imeungua kwa Joto au Inaoza?

SWALI: Ndugu Mshauri, mwezi wa Januari nilipanda mbegu za bromelia (mimea ya ukoo wa nanasi) aina ya Aechmea juu ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko angavu. Ziliota vizuri, na miche ilipofikia kimo cha sentimita 1 niliihamishia barazani ipate mwanga zaidi. Jioni ya siku hiyohiyo majani mengi yalikuwa yamepauka upande mmoja, na baada ya siku 5 miche ya kona moja ikageuka kahawia na kulala. Jirani ananishauri ninyunyizie mrututu. Je, huu ni ugonjwa au ni jua?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako yamekupata yote mawili, jua kwanza na uozo baadaye, na ni muhimu uyatenganishe kabla hujagusa dawa yoyote.

Joto hupiga mara moja na kukoma. Chombo kilichofunikwa kikipigwa na jua hata kwa muda mfupi, hewa iliyomo hupata moto kuliko ya nje, na maji yaliyotuama katikati ya majani hupata moto pamoja nayo. Alama zake ni madoa meupe, makavu kama karatasi, upande ulioelekea jua, tena kwenye miche mingi kwa wakati mmoja. Doa hilo haliponi, lakini halitambai; mche wenye kiini kigumu cha kijani utatoa majani mapya.

Uozo huanzia mahali pamoja kisha ukatembea. Chukua kibanio, shika jani la katikati la mche unaoutilia shaka, ulivute polepole. Likigoma, moyo wa mche uko hai. Likichomoka bila nguvu, litazame chini: utalikuta laini, lenye majimaji na rangi ya kahawia, na mara nyingi linanuka. Wakulima wa mananasi wanaijua alama hii, kwa kuwa nanasi ni la ukoo wa bromelia, na mashamba yasiyopitisha maji hupatwa na uozo wa moyo uletwao na vimelea vya Phytophthora. Katika chombo chako, naamini vimelea vimeingilia kwenye majani yaliyoungua, vikasaidiwa na unyevu usio na pa kutokea.

Mrututu nakuomba usiutumie kabisa. Una shaba, na shaba ni sumu kwa bromelia. Huweza kuua hata mmea mkubwa, sembuse mche wa sentimita 1.

Leo hii ondoa miche iliyolala pamoja na makumbi yanayoizunguka, ukipita ukingo wa uozo kwa upana wa vidole viwili. Rudisha chombo kivulini, mahali penye mwanga wa kutosha kusomea gazeti lakini pasipofikiwa na jua lenyewe, kisha ufungue kifuniko kwa upana wa kidole na kuongeza kila baada ya siku mbili tatu, hadi miche izoee hewa ya wazi. Nyunyiza maji asubuhi tu, ili usiku usiikute miche imelowa. Majani yaliyopauka bila kulainika usiyakate, kwani sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mche.

Baada ya siku 7, rudia kuvuta jani la katikati kwenye miche michache iliyopakana na pengo. Hata moja likichomoka, hamishia miche mizima yote kwenye chombo safi chenye makumbi mapya, yaliyomwagiwa maji ya moto na kuachwa yapoe.