Land Rover Series III inayosumbua umeme: usikubali kufumua nyaya kabla hujapima ethi (njia ya umeme kurudi betri)

Mkuu, mzuie huyo fundi. Mpigie sasa hivi umwambie asije. Umeandika kwamba Land Rover yako ni Series III ya 1978, imetoka kupakwa rangi mwezi uliopita, ukikanyaga breki indiketa zinafifia na taa za nyuma zinacheza disko, stata inazunguka kivivu, na fundi amekushauri "tufumue wayaringi yote tuweke mpya". Halafu ukauliza kuhusu kufunga taa za LED, na kwa nini betri inakufa usiku. Mimi nimeishia kwenye neno "tufumue". Moyo umenienda mbio.

Neno hilohilo niliambiwa mimi, hapa Tanga, na gari langu la 1976, nalo limetoka kwenye rangi vilevile. Tulishusha bodi, chesisi ikapigwa rangi nyeusi nzito ya kuzuia kutu, ikang'aa mpaka majirani wakaja kupiga picha. Siku ya kuwasha, stata ikatoa mguno wa mtu aliyeamshwa saa kumi alfajiri. Fundi umeme akasikiliza sekunde tatu: "Betri hiyo, bosi." Nikanunua betri, laki tatu na nusu. Mguno uleule. "Basi altaneta haichaji." Nikaagiza altaneta iliyotumika kutoka Gerezani, Dar es Salaam, laki mbili na themanini, ikaja na basi. Mguno uleule.

Na muda wote huo kulikuwa na dalili ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeiuliza. Nikivuta choki (ile ya kuwashia injini ikiwa baridi) huku napiga stata, kitufe cha choki kilikuwa kinaniunguza vidole. Choki! Waya wa kuvuta tu, hauhusiani na umeme wa stata hata kidogo. Nilipomwambia fundi, akanijibu "hizi gari za zamani ndivyo zinavyochemka". Nikakubali. Nina shahada mimi, wakuu, na nikakubali.

Ndipo akaja na neno lake. "Waya zimezeeka bosi, hizi za mkoloni." Mkoloni kaondoka 1961, gari ni la 1976, hata hesabu hiyo ndogo sikuifanya. Kwa siku mbili akafumua kila kitu, nyaya za kiwandani akazishindilia kwenye kiroba, akafunga nyaya za nyumba. Sitanii. Zile za kuvutia umeme ukutani, ngumu, uzi mmoja mnene wa shaba ndani, zote nyekundu, kuanzia betri mpaka taa ya namba. Kiroba sikukiona tena. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hiyo nilimlipa laki nne na nusu aniibie.

Hapo ndipo panapouma. Zile nyaya za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme wa magari, zilikuwa zinasomeka. Kahawia imetoka betri moja kwa moja bila fyuzi. Nyeupe ni ya swichi ya ufunguo. Kijani ni ya swichi pia, ila imeshapita kwenye fyuzi: yenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto, yenye mweupe ya kulia, yenye zambarau taa za breki. Buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ndiyo ethi. Mtu anayezijua rangi hizo analala chini ya dashibodi na tochi, anatoka na jibu. Mimi nilibaki na gari zima jekundu. Waingereza wana utani wa kumwita Lucas Mwanamfalme wa Giza, nami nilikuwa naucheka sana. Giza langu lilitengenezwa Tanga.

Waya wa uzi mmoja haupendi mtikisiko, na Land Rover ni mtikisiko wenye magurudumu. Fundi aliupitisha kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, bila raba. Usiku mmoja tumekaribia Segera nikasikia harufu, kisha moshi ukaanza kutoka chini ya usukani, na mama watoto akasema "Baba Rama, gari linaungua" kwa sauti tulivu ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Nikafungua boneti nikang'oa tamino ya betri kwa mkono, kovu ninalo. Fyuzi haikukatika kwa sababu mtaalamu wangu alikuwa ameizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Na hata zile fyuzi halisi za kioo zina mtego: ile 35 iliyoandikwa kwenye za Lucas ni ampea za kuungua, mzigo wa kubeba muda wote ni 17 tu. Ukichomeka 35 ya aina nyingine inayobeba 35 kutwa nzima, waya ndio utakaotangulia kuungua.

Tukavutwa mpaka Korogwe. Asubuhi akaletwa mzee mmoja. Shikamoo, marahaba, akazunguka gari mara moja. "Mwanangu, hili limepakwa rangi lini?" Hakugusa hata waya mmoja mwekundu. Akaweka mita, akaigusisha stata kwa bisibisi, ikasoma volti nne na kitu kati ya hasi ya betri na chuma cha injini. Akachukua waya wa kubusti, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye injini, akagusisha tena. Injini ikazunguka kama ya gari jipya. Akanionyesha ule waya wa ethi unaotoka injini kwenda kwenye chesisi. Umefungwa vizuri, bolti mpya kabisa, juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme! Akakwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akafunga, akapaka grisi juu, akaomba hela ya soda.

Umeme wa stata ulikuwa umekosa njia ya kurudi betri, ukatafuta nyingine, ukaupata waya wa choki. Ndiyo maana vidole vyangu viliungua. Na ndiyo maana ukikanyaga breki indiketa zako zinafifia: ethi ya taa za nyuma ni mbovu, umeme wa breki unarudi kwa kupenya kwenye balbu za wenzake.

Kwa hiyo usinunue hata balbu kabla hujapima ethi, na uipime mzigo ukiwa umewashwa. Mita iweke volti 20 za umeme wa betri (DC). Ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, usiiweke kwenye tamino iliyoibana nguzo hiyo, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, umempata. Kisha washa taa, kanyaga breki, hamisha ncha ya pili kwenye kikombe cha chuma cha taa ya nyuma. Ikizidi 0.2 au 0.3, hapo pia kakwangue. Usidanganywe na ule mlio wa mita wa kuonyesha waya haujakatika. Uzi mmoja uliobaki kwenye waya uliooza unatosha kuifanya ilie, lakini hautoshi kuwasha taa. Na bodi ya Land Rover ni aluminiamu imefungwa kwenye chuma, kwa chumvi ya huku pwani inaliwa pale zinapogusana, kwa hiyo hata palipong'aa usipaamini.

Nyaya za rangi sahihi niliagiza Uingereza baadaye, milioni mbili na laki moja pamoja na usafiri na ushuru. Mama Rama anajua ni laki sita, tafadhali wakuu.

Pima leo jioni, uje uandike hapa imesoma ngapi. Huyo fundi akitokea na koleo kabla hujapima, mwambie gari umeliuza.