Dakika 36 Bila Mpira

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtoto anayeanza mpira wa kikapu afundishwe nini kwanza, ufundi wake mwenyewe au kucheza na wenzake? Nawafundisha watoto wa miaka 9 hadi 13 hapa Tabora, jioni tatu kwa wiki, kwenye uwanja wa saruji iliyopasuka chini ya miembe. Kwa niliyoyaona pale, mambo hayo mawili hufundishwa pamoja, katika zoezi lile lile, tangu siku ya kwanza.

Tupige hesabu kidogo. Mechi kamili ya wakubwa hapa kwetu ni dakika 40. Uwanjani wapo watu kumi na mpira ni mmoja. Hata wakigawana sawasawa, kila mmoja atakuwa nao dakika 4. Dakika 36 zilizobaki hana. Sasa nenda ukaangalie mazoezi ya watoto popote pale. Utawakuta kwenye foleni: mmoja anadunda mpira mpaka kwenye kikapu, anarusha, anarudi mwisho wa foleni, anasubiri. Tunamfundisha zile dakika 4. Zile 36 tunamwachia azijue mwenyewe, halafu siku ya mechi tunamfokea kwamba kazubaa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nami nilifundishwa vibaya. Nilikuwa mrefu tangu kidato cha kwanza. Mwalimu aliponiona tu alinipeleka chini ya kikapu, akaniambia, "Wewe simama hapa, inua mikono." Nikasimama hapo miaka minne. Wafupi ndio waliodunda, ndio waliotoa pasi, ndio walioamua. Nilipofika chuoni nikakuta wasichana wote kwenye timu ni wa kimo changu, na wanadunda kwa mikono yote miwili. Mimi nikipewa mpira mbali na kikapu natafuta wa kumrudishia haraka kama nimeshika kaa la moto. Mpaka leo mkono wangu wa kushoto kwenye mchezo huu ni wa kusaidia tu.

Ndiyo maana nakereka ninaposikia mtoto mrefu wa darasa la tano anaitwa "Hasheem" na kupelekwa chini ya kikapu. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009 na timu ya Memphis Grizzlies, na tunajivunia. Lakini ana mita 2.21. Mtoto aliyewapita wenzake kichwa akiwa na miaka 11 anaweza akasimama hapo hapo, wenzake wakamkuta kidato cha pili na kumpita. Akifika hapo hana urefu na hana ufundi. Kwangu kila mtoto anadunda, kila mtoto anatoa pasi, kila mtoto anarusha, awe mrefu kama nguzo ya umeme au mfupi kama mimi nilivyokuwa darasa la pili.

Naanza na miguu. Mtoto anakimbia hatua nne tano, anasimama kwa miguu yote miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa, kichwa juu. Ukikaa pembeni unasikia mlio mmoja: pu! Ukisikia pu-pu, ametua mguu mmoja mmoja, arudie. Kisha anajifunza kugeuka. Watoto wenyewe waliuita "mguu wa msumari": mguu mmoja umepigiliwa chini, mwingine unazunguka kutafuta mwanya. Sheria inasema ukitua kwa miguu yote miwili kwa wakati mmoja, unachagua upi uwe msumari. Mara tu unapoinua mmoja, ule uliobaki ndio umepigiliwa. Mtoto anayelijua hilo haogopi tena akizungukwa na watu wawili. Anazunguka, anaficha mpira, anasubiri mwenzake ajitokeze.

Na hapo ndipo mwenzake anapohitajika, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye mechi ya bila kudunda. Wanne kwa wanne, nusu uwanja, hakuna ruhusa ya kudunda hata mara moja. Ukishika mpira unasimama, unageuka, unatoa. Kikapu hakihesabiwi mpaka wote wanne wa timu wawe wameugusa mpira.

Siku za mwanzo ni vurugu. Watoto wote wanamkimbilia mwenye mpira kama kuku waliomwagiwa mtama, kila mmoja kanyoosha mikono, "Nipe! Nipe!" Sipigi kelele. Nasimamisha mchezo, nawaambia kila mtu abaki alipo. Kisha nauliza: nani anaweza kumgusa mwenzake wa timu kwa mkono? Karibu wote wanaweza. "Basi mko wawili mahali pa mtu mmoja." Wanacheka, wanatawanyika, tunaendelea. Baada ya wiki mbili hivi kuna kitu kinatokea ambacho sichoki kukitazama: mtoto asiye na mpira anakimbia kuelekea kikapuni, beki wake anamfuata, na pale alipotoka panabaki wazi. Mwingine anaona, anaingia. Hakuna aliyewaambia. Wamegundua kwamba ukikimbia hata usipopewa, umemfungulia mtu.

Sisi wa Tabora tumekulia kwenye njia panda ya reli, treni ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, kwa hiyo nawaambia: abiria anafika stesheni kabla ya treni. Usisimame ukiungoja mpira ukufuate. Wahi mahali utakapokuwa, na mwenye pasi atupe pale, mbele yako, wala si kifuani pako ulipokuwa sekunde moja iliyopita.

Wazazi wengine walilalamika. Mpira wa kikapu bila kudunda ni mpira gani? Niliwaeleza kwamba ndivyo mchezo wenyewe ulivyozaliwa. James Naismith alipoubuni Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, kwa vikapu viwili vya matunda vilivyopigiliwa kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, kanuni zake za kwanza zilikuwa 13, na mojawapo ilisema mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, autupe kutoka pale alipoushikia. Kudunda kulikuja baadaye. Walicheza tisa kwa tisa, na mechi ile ya kwanza iliisha 1 kwa 0. Kwa hiyo mtoto wangu anayejifunza pasi kabla ya kudunda anapita njia ile ile ambayo mchezo wenyewe uliipitia.

Kuna mvulana mmoja wa Isevya, hapa mjini, alikuja kwetu akiwa fundi hasa wa kudunda. Kajifunza mtaani, mpira unapita katikati ya miguu, nyuma ya mgongo, watoto wanashangilia. Alipoambiwa mechi ya bila kudunda, alinuna, akakaa wiki mbili bila kuonekana. Aliporudi hakusema kitu na mimi sikumuuliza. Miezi kadhaa baadaye, kwenye mechi na watoto wa mtaa mwingine, niliruhusu kudunda. Akaingia nao katikati, mabeki wawili wakamvamia, na bila kuangalia pembeni akaudunda mara moja chini kuelekea mkono wake wa kulia, na binti mmoja wa darasa la sita alikuwa ameshafika pale. Akafunga peke yake. Ufundi wa yule kijana haukupungua hata tone. Ulipata wa kumhudumia.

Jambo ambalo sikulitegemea ni sauti. Uwanjani lazima mseme, lakini watoto wetu wamelelewa vizuri: mdogo hamwamuru mkubwa, na mabinti wengi huona aibu kupaza sauti mbele ya wavulana. Mtoto wa miaka 9 anamwona beki akija nyuma ya kaka wa miaka 13, na ananyamaza kwa heshima. Sikutaka kuivunja heshima hiyo, wazazi wake wameihangaikia. Tulikubaliana maneno machache ambayo si amri kwa mtu: "Niko!", "Kushoto!", "Nyuma!" Tuliyapiga kelele wote pamoja kwanza, kama wimbo, mpaka aibu ikaisha. Sasa wadogo ndio wanaosikika zaidi.

Pia kuna shukrani. Dean Smith, aliyefundisha timu ya Chuo Kikuu cha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, aliwazoesha wachezaji wake kwamba ukifunga, unamnyooshea kidole aliyekupa pasi, ili watazamaji wajue kikapu ni cha watu wawili. Nilipenda, nikajaribu, nikaacha siku hiyo hiyo. Kwetu kumnyooshea mtu kidole ni kumshitaki. Sasa aliyefunga anapiga kifua kwa kiganja huku anamtazama mwenzake. Inatosha kabisa.

Kwenye kukaba sina mengi: kila mmoja na mtu wake. Watoto wa umri huu wakipangwa kulinda eneo mbele ya kikapu wanashinda mechi kirahisi, maana wapinzani hawawezi kurusha kutoka mbali, lakini hawajifunzi kumfuata mtu kwa miguu.

Kurusha ndiko kunakohitaji subira, na wakubwa ndio tunaowakosesha watoto. Kikapu cha kawaida kiko mita 3.05 kutoka chini. Mtoto wa miaka 10 akipewa mpira namba 7, ule wa wanaume, hana nguvu ya kuufikisha. Anauteremsha mpaka kiunoni, anajipinda, anautupa kwa mwili mzima. Mwaka mmoja wa hivyo na mkono umeshazoea upotovu. Mpira wa kikapu wa watoto una kikapu cha mita 2.60 na mpira namba 5. Fundi wa kuchomelea alitukunjia pete ya nondo, upana wa ndani sentimita 45, tukaifunga kwenye nguzo kwa kimo hicho. Kisha nikawapandisha watoto kwenye stuli mmoja mmoja watazame kwa juu. Mpira namba 5 una mzingo wa takribani sentimita 70, yaani upana wa kama sentimita 22, kwa hiyo miwili inakaribia kupita bega kwa bega. Kutoka chini pete inaonekana nyembamba kama bangili, na mtoto anarusha kwa woga. Akishaiona kwa juu, bega linalegea. Kiwiko chini ya mpira, mkono mwingine pembeni wa kuushikiza tu, na mwisho kiganja kinainama kama kinatumbukiza kitu ndani ya mtungi mrefu.

Pete ilikuwa haina wavu, na kila siku ugomvi: umeingia, haujaingia! Mpira ukipita unaendelea mpaka mtaroni, mmoja anaufuata, wengine wanakaa. Tukasuka wavu wa kamba ya katani, vitanzi kumi na viwili. Tangu hapo mpira unadondoka papo hapo chini, na aliyerusha anasikia chwaa, anajua mwenyewe kwamba haukugusa chuma. Mvua ya mwaka jana iliulegeza upande wa kushoto. Jumamosi hii ni zamu ya wasichana wa darasa la sita kuusuka upya, kamba nimeshanunua.

Msomaji wenu,
Tabora